Anayebeba Ndiye Anayeulizwa: Kusafiri na Wanyama wa Nyumbani

(Mhadhara uliotolewa Pumwani, Nairobi, na kuchapishwa karibu kama ulivyosemwa)



Mimi ni mtoto wa hapa. Nilizaliwa Majengo katika nyumba ya udongo yenye vyumba sita na ua mmoja, na ndani ya ua ule tulikaa watu wa makabila manne, kuku wa kila mwenye chumba, njiwa wa jirani yetu na paka watatu. Baadaye niliajiriwa katika kazi ya afya ya mifugo, nikaifanya hadi kustaafu. Nimeletewa wanyama wenye maradhi ya kila namna, lakini wapo ambao mpaka leo hawajanitoka moyoni: waliotoka kwao wazima asubuhi, wakafika mikononi mwangu adhuhuri wakiwa hoi, au wamekwisha kufa. Hawakuwa wameugua. Walikuwa wamesafirishwa.

Ndiyo maana mwenyekiti wetu aliponiachia nichague mada, nilijua papo hapo. Kusudi langu jioni hii ni kueleza namna ya kumsafirisha mnyama wa nyumbani salama na kwa raha: paka, mbwa, njiwa, sungura, na kwa kuwa hapa ni Pumwani, kuku na mbuzi pia. Nina hoja sita. Nyingine nitazipita upesi, nyingine nitakaa nazo. Mwenye swali anyooshe mkono wakati wowote, asingoje mwisho.

Niruhusuni nianze kwa kukumbusha sisi ni kina nani. Mtaa huu ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na wengi wa wazee wetu hawakuuchagua. Walihamishwa hapa kutoka vijiji vya Nairobi vilivyoitwa Mombasa na Maskini. Pangani ya zamani ilijikaza mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930, nayo ikabomolewa, watu wake wakapelekwa Shauri Moyo. Jirani zetu wa Kariokor wanaishi ndani ya jina la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, watu waliobebeshwa mizigo ya jeshi, na maelfu wasirudi makwao. Kuhamishwa bila kuulizwa ni jambo ambalo mtaa huu unalijua.

Masheikh wetu watanisahihisha nikikosea: Sura ya An-Nahl inawataja wanyama wanaotubebea mizigo mpaka miji ya mbali, na kulihesabu jambo hilo kuwa neema. Dunia ya babu zetu ilikuwa hivyo. Wao walitubeba sisi. Leo, katika jiji hili la matatu, boda boda na mabasi ya usiku, sisi ndio tunaowabeba wao. Mzigo umebadilisha mabega, na mwenye kubeba ndiye wa kuulizwa.

Hoja ya kwanza: mnyama hajui anakokwenda

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, nyanya yangu aliamua kuhamia Kisauni, Mombasa, kwa binti yake. Alikuwa na paka wa kike, rangi ya majivu, jina lake Simsim. Watu walimwambia amwache. Mombasa kuna paka tele. Nyanya akajibu kwamba paka wa nyumba haingwi, naye hamfukuzi wake kwa kumkimbia. Akamtia ndani ya kiondo, akafunga kanga juu yake, tukapanda basi la usiku.

Simsim alilia mpaka Athi River, kisha akanyamaza. Tulidhani amelala. Sasa najua kwamba hakuwa amelala. Paka anayenyamaza ghafla ndani ya chombo, amejikunja, macho yamemtoka, huyo amezidiwa na hofu. Tulipofika Mtito Andei, pale nusu ya njia ambapo mabasi husimama watu wanywe chai, niliona huruma nikataka kumpa maji. Niliifungua kanga mimi, kwa mikono yangu. Alitoka kama risasi, akapita chini ya basi, akaingia gizani. Tulimtafuta kwa tochi mpaka dereva akapiga honi mara ya tatu. Nyanya alirudi kwenye kiti chake, akakipakata kile kiondo kitupu mpaka Mombasa. Na miaka yote aliyoishi Kisauni, mgeni kutoka Nairobi akiwasili, baada ya salamu aliulizwa kama basi lilisimama Mtito Andei, na kama ameona paka wa rangi ya majivu.

Samahani, mama zangu. Nimeisimulia kwa sababu makosa yote tuliyoyafanya usiku ule bado yanafanywa.

Wewe unajua kwamba unakwenda Kisauni, kwamba njia ni kilomita 480 hivi, na kwamba asubuhi utashuka. Mnyama hajui. Kwake yeye, dunia imeanza kutikisika na kunguruma, harufu zote anazozijua zimetoweka, na hakuna dalili kwamba hali hii ina mwisho. Kupigana kwake, kukojoa, kutapika na kukimbia kwake vyote vinatoka hapo. Kwa hiyo kazi kubwa ya safari hufanyika kabla hujaondoka nyumbani.

Chombo cha safari kiletwe ndani ya nyumba wiki moja kabla, kibaki wazi, mnyama akizoee. Mlishie humo. Mlaze humo akitaka. Weka ndani kitambaa anacholalia kila siku, tena usikifue. Ile harufu unayoiona ni uchafu, kwake ndiyo nyumbani. Kisha mtoe kwa safari fupi: mpaka Gikomba na kurudi, siku nyingine mpaka Eastleigh. Saa chache kabla ya safari ndefu, nne mpaka sita hivi kwa mnyama mkubwa mwenye afya, acha kumpa chakula, maana tumbo tupu halitapiki ovyo. Maji usimnyime. Watoto wachanga wa paka na mbwa, na ndege wadogo, wasikae na njaa muda huo wote.

Na chombo chenyewe? Hapa watu huniambia, daktari, hivyo vitu vinauzwa katika maduka ya matajiri. Sikubali. Sisi tumezungukwa na mafundi. Pale Kamukunji kuna mafundi wa jua kali wanaokunja bati tangu alfajiri, masanduku ya shule, majiko, karai, mikokoteni. Mchoree fundi sanduku lenye matundu pande tatu na mlango wa wavu wa waya wenye komeo la nje, atakutengenezea. Mwambie kingo zote azikunje zisikate, na ahakikishe waya haziachi ncha ndani. Kariokor kuna wasusi wa vikapu. Kikapu kigumu chenye kifuniko cha kufunga kwa kamba kinamtosha paka. Gikomba utapata taulo ya mtumba ya kutandika. Magazeti ya zamani yanakwenda chini ya taulo, kunyonya mkojo. Vyote hivyo utavipata kwa miguu yako.

Kipimo ni hiki: ndani ya chombo mnyama aweze kusimama bila kugonga kichwa, ageuke, na ajilaze. Kisiwe kikubwa kupita hapo, maana gari likifunga breki atarushwa ukutani kama dengu ndani ya debe. Kama unaweza, mlango mmoja uwe juu. Paka mwenye hofu hutolewa kwa urahisi zaidi kwa kuinuliwa kuliko kuvutwa. Ukifunika chombo kwa leso nyepesi, ukaacha upande mmoja wazi wa kupitisha hewa, giza litamtuliza. Njiwa ndiyo kabisa. Vijana wafugao njiwa wanajua kwamba katoni yenye matundu na giza humfanya njiwa atulie kama yu usingizini.

Na msifungue mlango njiani. Maji hupitishwa kwa kibakuli kidogo kilichofungwa kwa waya ndani ya chombo. Mbwa akitolewa ajisaidie, afungwe kamba kabla mlango haujafunguliwa, wala si baada yake. Laiti mtu angemwambia hivyo mtoto wa miaka tisa.

Hoja ya pili: joto huua kabla ya ajali

Sisi tukipata joto tunatoka jasho mwili mzima. Mbwa hana njia hiyo. Jasho lake ni kidogo tu nyayoni, na anajipoza kwa kutweta, ulimi nje, akitoa mvuke kwa pumzi. Mahali ambapo hewa haitembei, kutweta hakumsaidii. Joto la kawaida la mwili wa mbwa na paka ni kati ya nyuzi 38 na 39 hivi. Likipita 41, viungo vya ndani huanza kuharibika.

Sasa fikirini buti ya gari. Fikirini gari lililoegeshwa juani hapo Kamukunji, vioo vimefungwa, mwenyewe ameingia kununua bati. Nje nyuzi 28, ndani hupita 40 haraka kuliko mnavyodhani. Dakika 20 zinatosha. Kuacha kioo wazi kwa upana wa vidole viwili hakubadilishi mengi. Fikirini pia kile kizimba kinachofungwa juu ya keria ya basi la Mombasa. Mnyama aliyemo anaondoka Nairobi, mji ulioinuka zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, penye baridi ya asubuhi. Saa chache baadaye yuko Voi, jua la saa sita linamwagika juu ya turubai lililomfunika. Kama lazima uende pwani na mnyama, nenda usiku, au ondoka alfajiri na mapema, na mnyama akae ndani pamoja nawe.

Dalili ni hizi. Mbwa anayetweta kwa nguvu, mate mazito, ufizi mwekundu sana, anayumba. Paka anayetweta mdomo wazi kama mbwa: hilo kwa paka si jambo la kawaida, simamisha safari. Kuku na njiwa hufungua midomo na kuachanisha mbawa. Ukiona hivyo, mweke kivulini, mmwagie maji ya kawaida ya baridi, si barafu, shingoni, tumboni na miguuni, mpepee, mpe maji anywe kidogo kidogo kama ana fahamu, kisha mtafute daktari. Na wenye mbwa wa pua bapa wajue kwamba wanyama wao huzidiwa kabla ya wengine wote.

Kuna aliyeuliza hapa kama ampe paka dawa alale njiani. Swali zuri, na nilijibu kwa ukali kidogo, mama, unisamehe. Nataka kila mtu asikie: usimpe mnyama dawa ya binadamu. Panadol unayompa mtoto mwenye homa inamuua paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja, na kidonge kimoja tu, au hata sehemu yake, chatosha. Dawa ya kutuliza hutolewa na daktari wa wanyama aliyempima, na hujaribiwa nyumbani kabla ya siku ya safari. Kwa safari ya ndege kwa kawaida haitolewi kabisa, kwa sababu mnyama aliyelewa dawa hushindwa kujiweka sawa, na pumzi na mapigo ya moyo huweza kushuka kiasi cha hatari.

Hoja ya tatu: kuna abiria wengine

Tunaishi mtaa wenye misikiti na makanisa, na nitasema wazi. Waislamu wengi hapa ni wa madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa kwao ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba. Mama aliyetoka kutia udhu akipanda matatu namba 6 au 9 na kukuta mbwa amelala kwenye kiti, ana haki ya kukasirika. Lakini sheikh huyohuyo aliyemfundisha mama huyu habari ya udhu, alimfundisha pia hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Najisi ya mate si ruhusa ya kutesa. Mambo haya mawili yanakaa pamoja, na vijana wetu Wakristo wenye mbwa na majirani zao Waislamu wameishi nayo miaka mingi bila ugomvi, kila mmoja akimstahi mwenzake.

Kwa hiyo adabu ya matatu ni hii. Safiri saa ambazo gari halijajaa, tuseme kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Muulize makanga kabla hujapanda, tena mlipie mnyama kiti chake. Ukilipa, chombo kinakaa kitini au sakafuni mbele yako, hakitupwi nyuma kwenye mizigo. Mbwa awe ndani ya chombo chenye sakafu isiyovuja, au kama ni mkubwa, tafuta gari la kukodi na uweke turubai. Kaa nyuma. Waulize walio karibu nawe kama wana pumu au wanaogopa. Makanga akikataa, shuka, ngoja lingine. Nimeona watu wakimficha mbwa chini ya koti. Akibweka Muthurwa, gari zima hupiga kelele, na dereva hugeuza kichwa.

Hilo la dereva ndilo kubwa. Gari la abiria Kenya linaruhusiwa kwenda mpaka kilomita 80 kwa saa. Likisimama ghafla, mbwa wa kilo 20 asiyefungwa anarushwa mbele kwa nguvu mara nyingi ya uzito wake, na anayepigwa ni mtoto aliyeketi mbele yake. Paka aliyetoroka ndani ya gari hukimbilia gizani, na giza lililo karibu ni chini ya miguu ya dereva, kwenye breki.

Wa boda boda, nawaona. Mbwa hapakatwi kwenye tangi la petroli, wala paka hafungwi kwenye mfuko wa nailoni kuning'inia kwenye usukani. Mfuko huo hauna hewa. Chombo kigumu, kifungwe kwa mipira kwenye kiti cha nyuma, au abiria akipakate, na mwendo uwe wa mtu mwenye mayai.

Hoja ya nne: kuku wa krismasi na mbuzi wa Idd

Najua kuna atakayesema kuku na mbuzi si wa kupendwa, ni wa kuliwa. Nami nala nyama. Lakini siku ya kusafirishwa bado wako hai, na maumivu yao ni maumivu.

Kuku akining'inizwa miguu juu, viungo vya tumbo vinalalia mapafu, maana ndege hana ule utando wa misuli unaotenga kifua na tumbo kama sisi. Anapumua kwa shida njia nzima kutoka Machakos mpaka stendi ya Landhies Road. Tenga ndilo chombo chake, wala si jambo la kigeni. Babu zetu walilisuka. Kuku wa safari wasijazane, kila mmoja aweze kuketi.

Kuhusu mbuzi, nawaomba masheikh wanisaidie. Kila mwaka kabla ya Idd kubwa, watu wetu hupanda Kiamaiko kununua mbuzi, kisha mbuzi hutiwa kwenye buti ya teksi amefungwa miguu minne, au hubebwa kwenye boda boda akiwa amelala mapajani kama gunia. Anafika Majengo anachechemea. Fiqhi inasema mnyama wa kuchinjwa Idd asiwe kiwete wala mgonjwa dhahiri. Tumetafuta mbuzi asiye na kasoro, tumemlipia bei ya mbuzi asiye na kasoro, halafu tukamtia kasoro sisi wenyewe njiani. Majirani wanane wakichanga, wanakodi pikapu moja yenye kingo za juu, wanatandaza mchanga au nyasi sakafuni, mbuzi wanasimama wakiegemeana, na Kiamaiko si mbali.

Sheria nayo iko. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamhesabu mkosaji mtu anayembeba mnyama kwa namna inayomtesa bila sababu, na mwaka 1984 zilitungwa kanuni maalumu za usafirishaji wa wanyama. Sura ya 364, inayohusu magonjwa ya wanyama, inataka mifugo isihamishwe bila kibali cha ofisi ya mifugo. Kibali hicho kina sababu. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, husafiri kwa kuku aliyenunuliwa sokoni na kupelekwa shambani kwa sikukuu. Anawasili mzima, wiki inayofuata banda lote la shangazi limelala chini.

Hoja ya tano: ugonjwa husafiri na aliye mzima

Hapa nitakaa, na naomba watoto wasogee.

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa pembezoni mwa Nairobi hii. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado tunacho. Duniani hukadiriwa kuua watu karibu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, wengi wao watoto, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, tiba hakuna. Chanjo ipo.

Kwa nini niliseme katika mhadhara wa safari? Kwa sababu mbwa wengi wa Eastlands hawazaliwi hapa. Huja. Mtu ametoka kwao Ukambani baada ya mazishi au likizo, amebebeshwa mtoto wa mbwa ndani ya katoni, zawadi ya mjomba. Machakos, Kitui na Makueni ni miongoni mwa kaunti ambako vita dhidi ya ugonjwa huu vilianzia, pamoja na Kisumu na Siaya, chini ya mkakati wa taifa wa mwaka 2014 unaolenga kuumaliza ifikapo 2030. Na virusi hivi vina subira. Mnyama aliyeng'atwa anaweza kukaa mwezi, hata miezi mitatu, akicheza na kula kama kawaida, kabla ugonjwa haujajitokeza. Kwa hiyo yule mtoto wa mbwa anayelamba vidole vya watoto ndani ya basi, uzima wake wa leo si ushahidi.

Nilimwona kijana mmoja, sitasema wa mtaa gani, aliyeletewa mbwa mdogo hivyo. Mbwa akamng'ata kidole wakicheza, jeraha dogo la kufunikwa na plasta. Alipokuja kuniuliza habari za mbwa aliyekuwa amekufa, zilikuwa zimepita siku tano. Nilimshika mkono nikampeleka hospitali mwenyewe, akachomwa sindano zote, na yu hai. Siku tano zile ningezipitisha bila usingizi kama angekuwa mwanangu.

Shikeni haya. Mbwa na paka wachanjwe kuanzia miezi mitatu, kisha chanjo irudiwe kila mwaka, au kama daktari alivyoandika. Asisafiri kabla ya chanjo, na apewe wiki nne baada yake ndipo kinga ikamilike. Cheti cha chanjo kisafiri naye, kimefungwa kwenye nailoni na kubandikwa juu ya chombo pamoja na namba yako ya simu. Mtu aking'atwa au akikwaruzwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, pima kwa saa, kisha hospitali siku hiyohiyo. Msipake chumvi, wala mafuta ya taa, wala majani. Asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Mtaa wetu unaweza kuifikia asilimia hiyo.

Hoja ya sita: wanaovuka mipaka

Hii naipita mbio, lakini vijana wetu wanaondoka kila siku, na wengine wana wanyama wao. Mnyama anayetoka Kenya hutakiwa cheti cha afya kutoka kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, Kabete, na nchi anayokwenda huwa na masharti yake. Umoja wa Ulaya unataka chipu chini ya ngozi, chanjo ya kichaa cha mbwa, damu kupimwa angalau siku 30 baada ya chanjo katika maabara waliyoikubali, kisha kungoja miezi mitatu. Marekani, tangu tarehe 1 Agosti 2024, haimpokei mbwa wa chini ya miezi sita, na Kenya imo katika orodha yao ya nchi zenye hatari kubwa, kwa hiyo makaratasi ni mengi zaidi. Anza matayarisho nusu mwaka kabla. Wengi hununua tiketi kwanza, ndipo wanakuja kuuliza, na mnyama huachwa.

Kasuku wa kijivu wa Kongo, mwenye maneno mengi, yumo tangu 2017 katika daraja la juu la ulinzi wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori. Havushwi mpaka bila vibali. Kobe unayemwokota njiani ukirudi Mombasa mwache kichakani. Ni mali ya nchi, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haichezi.

Kufika

Nilisema hoja sita, lakini kuna neno moja la kufika, kwa sababu safari haimalizikii mlangoni. Paka aliyewasili nyumba ngeni afungiwe chumba kimoja tulivu kwanza, na chombo chake kikiwa wazi kando, kisha asitoke nje kwa wiki mbili au tatu. Njiwa ndio wagumu zaidi. Wenye njiwa hapa wanajua kwamba ukimuuza njiwa mpaka Huruma na mnunuzi akamwachia mapema, jioni yuko juu ya paa lako. Si uchawi wala ukaidi. Yeye huijua njia ya kurudi. Simsim hakuijua.

Sasa mbele yetu. Nimezungumza na mwenyekiti, na tumekubaliana mambo matatu. La kwanza, tutatafuta daktari wa kuja kuchanja mbwa na paka hapa mtaani tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Vijana wa stejini wamekubali kupita nyumba kwa nyumba wakiandika majina. La pili, kabla ya Idd kubwa ijayo tutakuwa na orodha ya wanaotaka kuchangia pikapu ya mbuzi kutoka Kiamaiko. La tatu ni chombo hiki mnachokiona juu ya meza.

Fundi mmoja wa Kamukunji alikimaliza jana. Kina matundu pande tatu, mlango wa waya mbele, mlango wa pili juu, na komeo la nje ambalo mtoto wa miaka tisa hawezi kulifungua kwa bahati mbaya. Nimejaribu kwa mjukuu wangu. Nimelipia vitano. Vitakaa katika kabati la ukumbi huu, na mwenye safari ataazima kwa kuandika jina na kurudisha kikiwa kimeoshwa kwa sabuni na kuanikwa juani. Karani anayo daftari. Mama mwenye paka aliyeuliza habari ya dawa ya usingizi, nimeambiwa safari yako ni Ijumaa ya wiki ijayo. Chukua hiki usiku huu, ukiache wazi karibu na jiko, na umtandikie kanga yako.